Nyayo Chini ya Beseni

Nilimtafuta nyegere kiangazi kizima, na wala si kwa sababu nawapenda wanyama. Nilimtafuta kwa ajili ya baba yangu mdogo. Nilitaka yule mnyama aonekane mbele ya watu, kukiwa kumekucha, na baba mdogo awepo, na mimi niwepo nimtazame usoni. Basi. Watu husema nina kinyongo. Mimi huwajibu kwamba ni kweli ninacho, na sikukiokota barabarani.

Mimi ni fundi cherehani. Naishi Somanda, hapa Bariadi mjini, na kibanda changu kipo kando ya barabara ambako bodaboda hazinyamazi kutwa. Mama yangu anaishi kijijini, upande wa Mwamapalala, kwenye kaya aliyoiacha marehemu baba. Kuna nyumba, kuna zizi ambalo siku hizi halina ng'ombe, kuna majaruba ya mpunga yanayoshuka mpaka mtoni, na pembeni kabisa, chini ya ua la minyaa, kuna kaburi la mdogo wangu. Mdogo wangu alifariki akiwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Mama hamtaji ovyo. Ila kila asubuhi anapofagia uwanja hufika mpaka pale, akapafagia na pale, ndipo anaegesha ufagio.

Baba mdogo, yaani mdogo wake baba yangu, kaya yake inapakana na ya mama. Majaruba yale aliyataka tangu tulipomaliza matanga ya baba. Alipoambiwa kwamba mjane anabaki nayo, alisema sawa, akatabasamu. Tabasamu lile sikulipenda siku ile na silipendi leo.

Ilianza kwa simu. Mama alinipigia asubuhi, akaniuliza habari za kazi na za watoto, kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mwanangu, sisalimiwi."

Kwa mtu asiyetoka kwetu neno hilo linaweza kuwa dogo. Kwetu salamu si kitu cha kutupiana huku unapita. Mdogo anaanza, anapinda magoti kidogo, anasema mwangaluka. Mkubwa anaitikia, anauliza kama ni mhola, yaani kama kuna amani, na wewe unajibu mhola duhu, ni amani tu. Ndipo mnaendelea na ya mvua, ya mifugo, ya wagonjwa. Asiyesalimiwa ni mtu aliyetengwa na sungusungu, walinzi wetu wa jadi. Ukitengwa hakuna wa kukuazima moto, mashine haikusagii unga, shambani unalima peke yako, na ukifa unajua mwenyewe utazikwa na nani. Atakayekusalimia anatozwa ng'ombe. Nilifunga kibanda siku hiyo hiyo, nikapanda bodaboda na vumbi lake lote mpaka kwa mama.

Nilimkuta amekaa kwenye kigoda anachambua dagaa. Alinieleza yote bila kulia, na hilo lilinitia uchungu zaidi.

Baba mdogo alikuwa amejenga banda la tofali za udongo na kufuga kuku chotara, wale wakubwa wanaoletwa mjini wakiwa vifaranga. Asubuhi moja akafungua banda akakuta kuku wamelala chini wote. Wengine hawana vichwa, wengine wazima kabisa ila wamekufa. Chini ya ukuta kulikuwa na shimo, na kuanzia kwenye shimo kulikuwa na nyayo. Nyayo ndogo, zenye kisigino, zenye vidole vitano vilivyojipanga. Nyayo za mtoto. Baba mdogo akachukua beseni la plastiki la mkewe, akaufunika unyayo mmoja uliotokea vizuri pamoja na mwenzake wa mbele yake, akaweka jiwe juu, akaita watu. Walipojaa akauliza, "Katika kaya hizi mbili, ni nani aliyezika mtoto aliyekuwa anajifunza kutembea?"

Akasema nyayo zilitokea uwanjani kwa mama. Watu wakaenda kutazama, wakakuta uwanja umeshafagiliwa, kwa sababu mama anafagia kabla jua halijatoka, kama wanawake wote wa kijiji kile wanavyofagia. Lakini kwa mama ikawa ushahidi. Kwa nini alifagia mapema? Alikuwa anafuta nini? Sungusungu wakakaa kikao alasiri, wakakubaliana kwamba mama anamfuga mwanawe aliyekufa na kumtuma kwa watu. Wakamtenga.

Nilipofika kwa baba mdogo nilikuta beseni bado lipo mahali pake. Alikuwa amelizungushia miiba ili mbuzi wasilipindue, na watu wa vijiji vya jirani walikuja kulitazama. Mtemi wa sungusungu, mzee mwenye sauti ya upole na roho ngumu, alikuwa amekaa kivulini na wenzake. Baba mdogo akaondoa jiwe, akainua beseni kwa madaha.

Nilizijua zile nyayo kabla sijainama. Baba yangu alikuwa mtu wa mizinga. Alitundika mizinga ya magogo kwenye migunga kuanzia mtoni kwetu mpaka karibu na pori la akiba, na nilipokuwa mdogo alinichukua kwenda kuikagua. Adui yake alikuwa mmoja tu. Alinionyesha mara nyingi unyayo wa nyuma wa nyegere, wenye kisigino kama cha binadamu, na ule wa mbele, ambao kucha zake zinachimba matundu mbali kabisa na vidole. Mnyama mwenyewe nilimwona mara chache sana, mgongo tu ukipotea kwenye nyasi. Baba alikuwa akisema nyegere humwoni, unaona alichokufanyia.

"Baba, huyu ni nyegere," nikasema.

Baba mdogo akacheka. "Ng'wanone, mwanangu, nyegere anakula asali. Kuku wangu wana asali?"

Watu wakacheka naye. Nikawaambia nyegere anakula kuku, anakula nyoka, anakula nge, anakula kila kilicho na nyama. Mtemi akaniuliza nyegere hapa kijijini nilimwona lini mara ya mwisho. Nikasema nikiwa mtoto, na baba. Akasema nyegere walihama miti ilipokatwa kupisha pamba, na hata yeye hajamwona tangu ujana wake.

"Basi tazameni kucha," nikasema. "Mtoto gani ana kucha ndefu hivi?"

Baba mdogo hata hakufikiri. "Aliyekaa kaburini miaka yote hiyo," akasema, "nani amemkata kucha?"

Sitasahau kwamba wapo waliocheka. Nilikuwa nawajua mmoja mmoja, maana nguo zao za harusi na za misiba nimezishona mimi. Nilimtazama baba mdogo akirudisha beseni na jiwe lake, nikajiapia kwamba atalifunua tena beseni lile mbele ya watu wengi kuliko hawa, na safari hiyo hatacheka yeye.

Mimi mwenyewe hawakunitenga, kwa kisingizio kwamba mimi ni mtu wa mjini. Nadhani waliogopa nguo zao zilizokuwa kibandani kwangu.

Tangu hapo kila mwisho wa juma nilikuwa kijijini. Nilimpelekea mama unga uliosagwa Bariadi, kiberiti, mafuta, na kukikucha nilijifunga kanga kiunoni nikashuka mtoni. Mto wetu kiangazi ni mchanga mtupu, na mchanga hausemi uongo. Nilijifunza upya yote ambayo baba alinionyesha. Nyayo za kanga, za sungura, za mbwa wa watu, za fisi aliyepita akichechemea. Jiwe lililopinduliwa na chini yake pakiwa bado na unyevu. Kichuguu kilichokwanguliwa upande mmoja. Mavi ya ng'ombe yaliyopekuliwa kutafuta wadudu. Mara nyingine nilikuta mashimo mafupi yamechimbwa kwa hasira, udongo umetupwa nyuma mbali, na harufu nzito imebaki hewani. Nikajua alikuwa hapa. Lakini yeye mwenyewe simwoni.

Asubuhi moja nilidhani nimempata. Niliona kitu cheusi chenye mistari myeupe kinajivuta kwenye mabua ya pamba, nikakimbia huku nimeshika simu nipate picha. Alikuwa kicheche. Mdogo, mkia umefura, anajiona mkubwa kweli. Aligeuka akanionyesha makalio, na sitaki kueleza kilichofuata. Kanga ile mama aliniambia niichome moto. Nikaitundika kwenye minyaa upande wa baba mdogo, ikakaa pale mpaka upepo wa jioni ukampelekea salamu ambazo yeye alimnyima mama.

Wakati huohuo mama alikuwa anapungua. Alikuwa mwanamke wa maneno na vicheko, sasa akawa anasema na mimi tu, na hata kwangu alianza kusema kwa sauti ya chini. Siku moja nilimsindikiza kisimani. Wanawake waliokuwa kwenye foleni waligeuza migongo wote, wakaendelea kuongea mambo yao. Binti mmoja mdogo, kwa mazoea tu, akapinda magoti akasema, "Mwangaluka, mayu," yaani mama. Mama akafungua mdomo kuitikia kwa furaha, na kabla hajatoa neno mama wa yule mtoto akamchapa kofi mwanawe. Mtoto akalia. Mama akafunga mdomo. Tuliporudi nyumbani akaniambia ametafakari, anadhani aje kuishi kwangu Somanda, majaruba ayaache tu.

"Na kaburi?" nikamuuliza.

Akatua ndoo yake. Usiseme nilikuwa mkali kwa mama yangu. Nilijua akiondoka, baba mdogo atalima mpaka juu ya lile kaburi, na kijiji kitasema unaona, amekimbia.

Nilimwona nyegere kwa mara ya kwanza kiangazi kile karibu na mzinga wa mwisho wa baba. Ulikuwa umebaki mmoja tu, kwenye mgunga ulioinamia mtoni, na hata nyuki walikuwa wamehama. Jua lilikuwa linachomoza. Nilisikia mkwaruzo wa kucha kwenye gome la mti, nikatulia nyuma ya kichaka. Akashuka kwa kurudi nyuma, makalio kwanza, akafika chini akajikung'uta. Mweusi chini, na mgongoni kuanzia utosini mpaka mkiani ana weupe wa majivu, kama bibi kizee aliyejitanda shuka. Akaniona. Alinitazama kama ninavyotazama mteja aliyekuja kudai nguo kabla ya siku yake, kisha akaondoka zake kwa mwendo wa kuchapa, kichwa chini, wala hakukimbia. Nilimpiga picha ya mgongo.

Niliipeleka picha kwa mtemi. Aliitazama kwa mbali, mkono ameunyoosha, akamwita mwenzake naye aitazame. Wakarudishiana. Halafu akasema, "Siku hizi simu inatengeneza hata maiti wakicheza ngoma." Akanirudishia simu yangu. Nikaelewa kwamba watu hawa hawataamini kitu ambacho hakijawauma miguuni.

Kwa hiyo nikaacha kumfuata nyegere ili nipate picha, nikaanza kumfuata nijue mwenendo wake. Kumbe ana njia zake, na hazibadilishi. Anazunguka mbali sana, anapotea, halafu anarudi pale pale, anapita chini ya mgunga wa baba, anafuata mto, anavuka kwenye mabua. Nilinunua masega ya asali sokoni Bariadi, nikayaweka chini ya mgunga jioni moja, asubuhi nikakuta mchanga umevurugwa na hata udongo uliolowa asali ameulamba. Nikarudia, nikasogeza masega mbele kidogo. Akayafuata. Nikajua huyu ananifaa.

Kisha ukaja mwaliko. Baba mdogo alikuwa anamwoza binti yake wa kwanza, na wakwe kutoka Ipililo walikuwa wanaleta ng'ombe wa mahari. Wangefika jioni, wale, walale, na asubuhi ng'ombe wakaguliwe zizini mbele ya wazee wote. Mimi kama binti wa kaka mkubwa sikosi. Nguo za binti nilizishona mimi, na yeye mwenyewe sina ugomvi naye. Baba mdogo alinipigia simu kunialika, sauti ya asali, na mwisho akasema, "Mama yako asifike. Unajua wageni." Nikasema nimeelewa, baba. Na kweli nilikuwa nimeelewa.

Nilifika mchana. Nikapita kwanza mtoni na gunia nililolipaka masega, ndani yake nimeweka utumbo wa kuku. Nikaliburuta. Nilianzia chini ya mgunga wa baba, nikafuata mto, nikakata kwenye mabua ya pamba, nikazunguka mbali na uwanja wa mama, mpaka nyuma ya banda jipya la baba mdogo. Hilo alikuwa amelijenga imara, na ndani alikuwa na kuku wengine, waliokuwa wanasubiri kuchinjiwa wakwe. Nilibakiza vipande vya masega chini ya ukuta, nikakunja gunia nikalichoma kwenye moto wa wapishi. Mgongo uliniuma. Niliosha mikono, nikaingia jikoni kusaidia kusonga ugali, nikiimba.

Wakwe walipofika na ng'ombe wao kulikuwa na vigelegele. Baba wa bwana harusi alikuwa mzee mrefu, mwenye kofia ya ukindu na fimbo nyembamba, mtu wa maneno machache. Kabla hawajakaa, baba mdogo hakuweza kujizuia. Akawapeleka kwenye beseni. Akaondoa miiba, akaondoa jiwe, akawasimulia yote, akanyoosha kidole kwenye nyumba ya mama ambako moshi ulikuwa unatoka, akawaonya wasipite upande ule wala wasiitike wakiitwa. Yule mzee wa Ipililo akachuchumaa, akatazama nyayo kwa muda mrefu, akainuka. Nilisimama pale na sinia la maji ya kunawa, nikamtazama baba mdogo akifunika beseni lake, nikajisemea moyoni, lifunike vizuri baba, nalihitaji.

Nililala na mabinti. Kwa kweli nililala usingizi mzuri.

Kulipopambazuka tuliamshwa na kuku. Si kuwika, kupiga kelele za kufa. Nilitoka nje nikiwa wa kwanza, na nyuma yangu kaya nzima, wenyeji na wageni, wengine na shuka, wengine na kiatu kimoja. Banda lilikuwa linatikisika. Mbwa wawili wa baba mdogo wakaingia kwa mbwembwe kupitia mlangoni, mmoja akatoka akiwa analia, mwingine akatoka sikio limechanika. Halafu akatoka yeye mwenyewe, taratibu, manyoya ya kuku mdomoni, akasimama katikati ya uwanja ambao mabinti walikuwa wameufagia jioni iliyopita kwa ajili ya wakwe. Hewa ikachafuka kwa ile harufu yake.

"Nyegere!" mtu akapiga kelele.

Kwetu kila mwanamume anajua sehemu nyegere anayoianza akikasirika. Wazee wenye heshima zao, waliokuja kuhesabiana ng'ombe, wakajifunika mbele kwa mikono miwili wote kwa mpigo. Mtemi wa sungusungu, aliyekuwa amelala pale na wageni, alijifunika kwa kofia. Vijana wakarusha marungu, yakamgonga mgongoni yakaruka, yeye akawakoromea tu na kuwasogelea. Baba mdogo alipanda kwenye mkokoteni wa ng'ombe, akasimama juu yake amekunja msuli, akipiga kelele, "Muueni! Muueni!" Nyegere akapita chini ya mkokoteni. Baba mdogo akaruka juu kama amekanyaga kaa la moto. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Sikuficha. Nilicheka kwa ajili ya mama, na kwa ajili ya yule mtoto aliyechapwa kofi kisimani.

Aliondoka alipotaka mwenyewe. Alipita kando ya banda, akapita karibu kabisa na lile duara la miiba, akaingia kwenye mabua kwa mwendo wake ule ule, kichwa chini. Hakuna aliyemfuata.

Kisha yule mzee wa Ipililo akashika fimbo yake, akatembea mpaka kwenye miiba, akaisogeza kwa mguu. Akaondoa jiwe. Akainua beseni. Nyayo za kale zilikuwa pale, na kando yake, hatua chache tu, zilikuwa mpya, bado udongo wake haujakauka. Akaweka fimbo yake kwenye ule wa zamani, akapima, akaihamishia kwenye mpya. Akamwita mtemi kwa kidole. Mtemi akaja akachuchumaa, watu wakajazana nyuma yao wakitazamia mabegani.

"Baba," yule mzee akamwambia baba mdogo, ambaye bado alikuwa juu ya mkokoteni, "shuka umkate kucha mtoto wako."

Hakuna maneno niliyowahi kuyapenda kama hayo. Sijui nani alimsimulia lile jambo la kucha. Watu walicheka, wale wale waliocheka mwanzo, na safari hii sikuwachukia. Nilimtazama baba mdogo usoni kama nilivyojiahidi. Alikuwa anatazama beseni.

Ng'ombe walikaguliwa, ndoa ikapita, binti akaolewa. Mtemi alikwenda kwa mama kabla ya chakula cha mchana, yeye na sungusungu wote, wakasimama uwanjani wakamsalimia mmoja mmoja. Mama aliitikia kila mtu. Wanawake wa kisimani wakaja na unga, na maziwa, na vilio vyao vya kuchelewa, na mama akapokea, akasema wabeja, wabeja, asante. Mimi ningewarudishia unga wao. Lakini mama si mimi.

Baba mdogo hakuja siku ile. Alikuja siku nyingine, asubuhi, siku niliyokuwa nimeamkia kwa mama. Mama alikuwa anafagia, mimi nimekaa mlangoni na kikombe cha uji. Aliingia uwanjani polepole, kofia mkononi, akasimama.

"Mwangaluka, mayu," akasema.

Mama akaendelea kufagia.

"Mwangaluka, mayu," akasema tena, akapinda magoti zaidi.

Ufagio ulifika kwenye viatu vyake, ukamzunguka, ukaendelea. Nyayo alizoziacha alipoingia mama alizifuta zote. Akafagia mpaka kwenye minyaa, akapafagia pale kaburini taratibu kuliko mahali pengine, akaegesha ufagio. Ndipo akageuka.

"Ulisema mwanangu anatembea," mama akamwambia. Sauti yake ilikuwa imerudi, ile ya zamani. "Kamsalimie yeye kwanza. Akikuitikia, njoo, na mimi nitakuitikia."

Baba mdogo akanitazama. Labda alidhani nitamsaidia. Kwetu mkubwa hamwanzi mdogo, na huyu ni mwanamume mwenye mvi, mwenye ng'ombe wapya zizini. Nikanywa uji wangu. Akatembea mpaka kwenye kaburi, akasimama, akakunja magoti kidogo, kama anavyokunja mtu kwa mkubwa wake.

"Mwangaluka," akaiambia ardhi.

Akasubiri. Mama alikuwa ameshaingia ndani kuosha vyombo. Nilikuwa nimedhani nitacheka tena kama siku ile ya mkokoteni, na sikucheka, ila huruma nayo haikuja.

"Mwangaluka," akasema tena, sauti imepungua.

Nilimaliza uji, nikafunga mizigo yangu, nikamuaga mama. Bodaboda ilipokuja kunichukua alikuwa bado amesimama pale, kofia mkononi, anasubiri kuitikiwa.